Kabla Hujawaita Watu Waongee Amani

Majuzi kijana mmoja wa Garsen, huku Tana Delta, Kenya, ameniandikia. Anataka kuanzisha kikundi cha mazungumzo kati ya vijana wa Kipokomo, ambao ni wakulima, na wa Kiorma, ambao ni wafugaji, aanzie wapi? Nimekaa na ujumbe wake siku tatu, maana kikundi changu cha kwanza kilinifia mikononi.

Ilikuwa 2013. Makaburi ya vijiji vya Riketa, Kilelengwani na Kipao yalikuwa bado mabichi. Tangu Agosti 2012 Tana Delta ilikuwa imezika watu zaidi ya 100 waliouawa katika mapigano ya jamii hizo mbili. Shirika lililotufadhili lilitaka kikao, picha na ripoti. Nikawaketisha watu 20 chini ya mwembe, Waorma huku, Wapokomo kule, nikauliza swali linalonichoma hadi leo: "Nani alianza?" Dakika kumi hazikuisha. Mama mmoja akajifunga leso kiunoni, akaondoka bila kuaga, wenzake wakamfuata. Baadaye nikasikia watu wakisema nimekula hela za marehemu. Neno hilo halijanitoka moyoni.

Nilirudi bila shirika, bila posho. Safari hii amani sikuitaja. Niliuliza habari za malka, zile njia za kupitishia ng'ombe hadi mtoni wakati wa kiangazi. Mkulima anaona zinamkatia shamba; mfugaji anaona zimezibwa makusudi. Mzee mmoja wa Kiorma akaokota kijiti, akachora mto mchangani na malka zake, moja moja, kwa majina. Yule mama naye alikuwepo. Alimtazama kitambo, akakipokea kijiti, akachora shamba la mpunga la marehemu mumewe katikati ya malka ya tatu. Mzee akanyamaza. Kisha akamuuliza, "Mnavuna mwezi gani?"

Kikundi kilizaliwa hapo, na hadi leo kipo. Najivunia, sifichi.

Basi mdogo wangu, usiulize nani alianza. Usiwagawe watu kwa makabila kwenye viti. Anza na maji, malisho, mavuno. Kule Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, koo zilipokuwa zikipigana miaka ya 1990, mpatanishi Dekha Ibrahim Abdi na akina mama wenzake walianzia sokoni, wakahakikisha mwanamke wa kila ukoo anauza na kununua. Hawakungoja mfadhili. Nyinyi mnaosema mnapenda amani, mnangoja nani? Sikilizeni watu. Mkimaliza kusikiliza, sikilizeni tena, kwa sababu mjane hasemi lake siku ya kwanza.

Sisi hukutana Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa kumi, ng'ombe wakishanyweshwa. Njoo. Siku hiyo kaa nyuma tu, usiseme kitu.