Ukiulizwa na dokta unaendeleaje, usijibu "vizuri" tu

Jamani hili nimelishika moyoni muda mrefu maana naliona kila nikienda kliniki ya kansa. Mama wa watu katapika tangu atundikiwe dripu ya dawa za kansa, chakula hakipiti, mdomo umejaa vidonda, anaingia ndani anaulizwa mama unaendeleaje, anajibu naendelea vizuri namshukuru Mungu. Dokta anaandika kama alivyoambiwa na dozi inayofuata inatoka vilevile. Tumelelewa hivyo, ukisalimiwa unaanza na nzuri halafu shida zinafuata baadaye, ila kliniki hiyo baadaye haipo, nje foleni imefika getini.

Mimi nilitibiwa kansa ya titi. Nilianza na ile dawa nyekundu inayofanya hata mkojo utoke mwekundu siku moja mbili (usishtuke, ni rangi ya dawa), kisha nikahamishiwa dawa nyingine ya kansa, paklitakseli, na hiyo ndo ilileta ganzi. Ilianzia kwenye ncha za vidole na nyayo, kama unachomwachomwa na vitu vidogo vidogo, mwisho ikafika asubuhi navaa blauzi kifungo nakiona kwa macho lakini vidole havikisikii kabisa, dada akawa ananifunga yeye, na sarafu mkononi siwezi kujua ipi mia ipi mia mbili mpaka niangalie. Dada akaniambia usiende kusema una ganzi, kila mtu pale ana ganzi, sema umeshindwa kufanya nini. Nikasema hivyohivyo, kifungo na sarafu, na dokta akaacha kuandika akaniangalia vidole, akapunguza dozi. Ganzi haikuisha siku hiyo, imeondoka taratibu sana, lakini iliacha kupanda.

Baadaye nikaelewa kwa nini kifungo kilifanya kazi. Madaktari wa kansa wanapanga madhara ya dawa kwa madaraja. Unasikia ganzi ila shughuli zako zote unafanya, hilo daraja la 1. Imeanza kukukwamisha kupika, kwenda sokoni au kushika hela, la 2. Huwezi kuvaa wala kuoga mwenyewe, umeshafika la 3, na hapo dozi inaangaliwa upya. Sasa wewe ukisema tu "ganzi kidogo" atajuaje uko wapi?

Na sio suala la raha peke yake. Pale New York, hospitali ya Memorial Sloan Kettering, Dk. Ethan Basch na wenzake walifuatilia wagonjwa 766 ambao kansa yao ilishasambaa, wengine wakawa wanaripoti dalili zao mara kwa mara kwa kompyuta na hali ikibadilika vibaya nesi anapata taarifa, wengine wakahudumiwa kawaida. Matokeo ya mwaka 2017: nusu ya walioripoti waliishi zaidi ya miezi 31, wa kawaida nusu yao walipita miezi 26. Dawa mpya hakuna hapo, ni watu kusema na mtu kusikia akafanyia kazi!

Huku kwetu daftari la shule linatosha. Andika siku ya dripu, halafu kila jioni andika umekula nini, umetapika mara ngapi, choo, usingizi, maumivu yapo wapi na yamekuzuia nini. Utaona mwili una ratiba yake, kwangu siku ya tatu ndo ilikuwa mbaya kwa hiyo wageni hawakukaribishwa siku hiyo na hakuna aliyenuna. Choo kigumu nacho sema, usione aibu, vidonge vya kuzuia kutapika mara nyingi ndo vinasababisha na dawa yake ipo. Mitishamba kama unatumia itaje pia, hata kama unajua utagombezwa, maana mingine inagongana na dawa za hospitali. Na maumivu usiyavumilie ili uonekane jasiri, morfini ya maji ipo kwa ajili hiyo na kuipewa sio kwamba umekatiwa tamaa.

Kitu kimoja tu hakisubiri daftari wala kliniki, nacho ni homa. Kinga ya mwili inashuka sana kama wiki moja mpaka mbili baada ya dripu, hapo kipimajoto kikisoma 38 unaenda hospitali muda huohuo, hata usiku, na usianze kumeza panadol kwanza kwa sababu inashusha joto huku maambukizi yanaendelea ndani. Ukifika waambie mlangoni kabisa kwamba uko kwenye dawa za kansa, usikae foleni ya homa za kawaida. Namba ya simu ya wodi iombe mapema, andika kwenye jalada la daftari na mtu unayelala naye nyumba moja awe nayo, maana saa nane usiku unatetemeka sio muda wa kuanza kuulizia namba.