Kusomeshana kuwekwe ndani ya ratiba

Wiki hii dada mmoja wa Wete, ndio kwanza ameanza chuo huku Unguja, ameniandikia. Testi ya takwimu imemwendea vibaya, anataka nimtafutie mtu wa kumsomesha kwa malipo. Dada yangu, pesa yako itunze. Nenda na kiongozi wa darasa kwa mwalimu wa somo, mkamuombe kipindi cha kusomeshana, wanafunzi kwa wanafunzi, kiingie kwenye ratiba ya darasa zima.

Nilipokuwa mwaka wa pili tulipeleka ombi kama hilo. Mkubwa mmoja wa idara akatujibu kuwa mwanafunzi hafundishi mwanafunzi mwenzake. Jawabu lile linaniuma mpaka leo. Sisi tumelelewa kwenye vyuo vya Kurani, mkubwa anamsikiliza mdogo wake juzuu nzima na maalim amekaa pale pale. Leo imekuwa ajabu?

Mwalimu wa takwimu, Mungu amlipe, alitupa saa moja kila wiki. Mimi somo nilishalifaulu, lakini niliingia tena lekcha zote pamoja na fasti yia, ili nijue wamekwama wapi. Lekcha ni Kiingereza. Kwenye kipindi chetu tulifafanua kwa Kiswahili. Siku moja nikawauliza kwa nini tukitafuta mtawanyiko (variance) wa sampuli tunagawa kwa n kutoa moja, n ikiwa ni idadi ya vipimo vilivyomo. Kimya. Fomula wote wanayo, sababu hakuna. Tukabishana mpaka msichana mmoja aliyekuwa hasemi kitu akasimama ubaoni akaeleza: tunapima kutoka kwenye wastani wa sampuli yenyewe, kwa hiyo mtawanyiko unaonekana mdogo kuliko ulivyo. Mwaka uliofuata yeye ndiye aliyeongoza kipindi. Najivunia hilo kuliko cheti changu.

Marekani wameanza zamani. Mwaka 1973 Deanna Martin aliasisi utaratibu wa namna hii katika Chuo Kikuu cha Missouri, Kansas City. Walilenga somo gumu, hawakumlenga mwanafunzi dhaifu. Hapo ndipo penye uzito. Kwetu ukionekana unafuata msaada peke yako unaitwa kilaza, basi watu wanajificha mpaka sapu, mtihani wa marudio, inawafika, wengine wanadisko kabisa, yaani wanaondolewa chuo. Kipindi kikiwa cha darasa zima, hakuna wa kunyooshewa kidole.

Na wewe unayeongoza, usitoe majibu. Narudia, usitoe majibu! Swali lirudishe kwa kundi, waache wahangaike. Ukitatua wewe ubaoni, wao watanakili tu, na kwenye mtihani hutakuwepo.

Ombeni muda wa mchana, baada ya lekcha. Diskasheni za usiku dahalia zinawaacha wote wanaorudi majumbani. Msichana wa Makunduchi au Mkokotoni hawezi kungojea daladala baada ya Magharibi. Mwalimu akikupeni hata Ijumaa asubuhi, ichukueni.