Maswali yenu: Nani apewe tuzo ya uwazi?

Toleo lililopita niliandika kwamba wanaodai kusomewa hesabu za kijiji tunawasifu wakishazikwa. Mmeniandikia kwa wingi, na leo najibu barua tano.

Shikamoo mwandishi. Kikundi chetu cha VICOBA, cha kuweka na kukopa, kinataka kumpa tuzo mzee wetu. Mkutanoni, mtendaji alipofika kwenye mstari wa "matumizi mengineyo", mzee alimwaga mezani stakabadhi zake za michango ya zahanati, alizokuwa anazitunza kwenye mfuko wa sukari, akaomba mstari ule ufafanuliwe. Wenzangu wanasema tuzo hizi ni za wanasheria na waandishi. Ni kweli? (Mafinga)

Marahaba. Si kweli, tena nawashangaa wenzako. Huko Rajasthan, India, mwaka 1990 wakulima na vibarua walianzisha chama chao, MKSS, Aruna Roy akiwa mmoja wa waanzilishi. Kuanzia 1994 wakawa wanaitisha mikutano ya hadhara vijijini: karatasi za malipo ya miradi zinasomwa kwa sauti mbele ya walewale walioandikwa humo. Mtu anasikia jina lake limelipwa kwa kazi ambayo hakuwahi kuigusa. Marehemu nao walikutwa wamelipwa! Vuguvugu hilo ni sehemu kubwa ya sababu India ikapata sheria yake ya haki ya habari mwaka 2005. Roy alipewa Tuzo ya Ramon Magsaysay mwaka 2000, na alistahili, lakini waliosimama na kusema "mimi sikulipwa" walikuwa vibarua.

Mzee wenu amefanya kazi hiyohiyo. Mpeni tuzo, na kwenye cheti andikeni alichouliza na alichojibiwa. Maneno kama "mchango wake katika jamii" tumeyachoka, yanamfaa hata aliyekaa kimya.

Nasoma chuo hapa Iringa. Nasikia kuna tuzo ya Mwangosi. Ni ya nini hasa? (Kihesa)

Daudi Mwangosi alikuwa mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari Iringa. Aliuawa tarehe 2 Septemba 2012 kijijini Nyololo, Mufindi, alipokuwa kazini siku polisi walipowatawanya wafuasi wa CHADEMA. Bomu la machozi lilifyatuliwa kwake kwa karibu mno. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilimtia askari mmoja hatiani kwa kuua bila kukusudia, akafungwa miaka 15. Muungano wa klabu za waandishi, UTPC, ulianzisha tuzo kwa jina lake, ya kuwaenzi waandishi wenye ujasiri.

Kuna watakaosema huyo ni wa uhuru wa vyombo vya habari, wala si wa haki ya kupata taarifa. Mimi sioni ukuta hapo. Ibara ya 18 ya Katiba yetu inaweka pamoja haki ya kutafuta habari, kuipokea na kuitoa. Ukipita barabara kuu ya Mafinga kwenda Makambako, Nyololo iko njiani. Wanafunzi wa uandishi mngeandaa safari ya kwenda pale.

Tufanye sherehe yetu ya kutoa tuzo tarehe gani? (Uyole)

28 Septemba. Ni siku ya kimataifa ya haki ya kupata taarifa; UNESCO iliitangaza 2015, Umoja wa Mataifa ukaipitisha 2019. Wamarekani wana yao 16 Machi, siku aliyozaliwa James Madison, rais wao wa zamani, na chama chao cha wakutubi hutoa tuzo kwa jina lake. Lakini Machi huku kwetu ni mvua na matope, nani atakuja?

Kamwene! Mtendaji wetu anabandika mapato na matumizi ubaoni kila robo mwaka. Tumpe cheti cha ushujaa? (Njombe)

Kamwene. Hapana. Mshukuruni mkutanoni, mpigieni makofi, yatosha. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa angalau kila miezi mitatu, na kuwapa wananchi hesabu zao ni wajibu alioajiriwa kuufanya. Tukianza kutoa vyeti vya ushujaa kwa wajibu, asiyebandika ataonekana mtu wa kawaida tu. Ila kama amewahi kubandika hata pale wakubwa wake walipomkataza, niandikie tena. Hapo nitabadili jibu.

Mimi sitaki tuzo, nataka taarifa za mradi wetu wa maji. Nianzie wapi? (Tukuyu)

Wewe ndiye niliyekuwa namsubiri. Tumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, ambayo ni kwa raia wa Tanzania. Andika barua kwa taasisi yenye taarifa hizo, weka jina na anwani yako, na taja unachotaka bila kuzunguka: mkataba, kiasi kilicholipwa, tarehe ya kukamilika. Ukiandika "naomba taarifa zote" utazungushwa. Asiyeweza kuandika anaruhusiwa kuomba kwa mdomo, ofisa akamwandikia. Wana siku 30 za kukujibu, na wanaweza kukutoza gharama za kutoa nakala. Zipo taarifa ambazo sheria inaruhusu kuzizuia, kama za usalama wa taifa, lakini bomba la maji la kijiji si siri ya jeshi. Wakikataa, omba mkuu wa taasisi apitie upya uamuzi, kisha upande kwa Waziri.

Barua ipeleke masjala mwenyewe, nakala mbili. Moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Siku 30 utazihesabia hapo.