Chunjua za binti yangu zilikuwa za kujitia?

SWALI: Asalaam aleikum Bi Muuguzi. Binti yangu wa miaka 11 alikuwa na chunjua saba mkono wa kulia. Tulimpaka asidi ya duka la dawa miezi mitatu, wapi! Likizo ya Agosti akaenda Likoni kwa nyanyake, naye akamfunga uzi mweusi mkononi: "Ukikatika wenyewe, nazo zishakwenda." Shule hazijafunguliwa uzi ukakatika, chunjua zikapukutika. Sasa babake asema mtoto alijitia tu, na nduguze wamcheka. Ni kweli?
Mama wa Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Wakomeshe leo hii hao wanaomcheka. Chunjua huletwa na virusi. Hakuna mtoto anayejiotesha. Vile vidoa vyeusi ulivyokuwa ukiviona ndani yake ni damu iliyoganda kwenye vishipa vidogo. Virusi vile huondolewa na kinga ya mwili wenyewe, na chunjua nyingi za watoto huisha hata bila dawa. Kwa hivyo siwezi kukuapia kuwa ni uzi. Wala siubezi, na sababu ni hii.

Mwaka 1959, Sinclair-Gieben na Chalmers, madaktari wa Aberdeen, Uskoti, waliwachukua wagonjwa 14 wenye chunjua pande zote mbili za mwili. Wakawatia katika hipnosisi, yaani kumtuliza mtu kwa maneno mpaka akili yake ishike jambo moja, wakawaambia zitatoka upande mmoja tu. Waliozama sawasawa walikuwa 10. Tisa kati yao walipona upande ule uliotajwa, za upande wa pili zikabaki palepale. Kundi dogo, lakini mimi nikilikumbuka husisimka. Aliyejitia angebaki na chunjua upande mmoja?

Lakini usimpeleke mtu wa vitiligo (mabaka meupe ya ngozi iliyopoteza rangi) au pumu ya ngozi kufungwa uzi akaacha dawa zake. Hata hipnosisi haimfai kila mtu: mwaka 1952 daktari Mason wa Uingereza alimsafisha kwa hipnosisi sehemu kubwa ya ngozi kijana wa miaka 16 aliyezaliwa na ngozi ya magamba mazito. Wengine wenye maradhi hayohayo aliowajaribu baadaye hawakupona.

Mpeleke mtoto barazani kwenye jua, umtazame vidole kimoja kimoja. Ile mistari ya ngozi ikipita moja kwa moja pale palipokuwa na chunjua, imekwisha. Ikikwepa kando, ingali ndani: mloweshe kwa maji ya vuguvugu, sugua taratibu, rudia asidi. Na nyanyake mpe salamu zangu.