Dawa ya kizazi ya chupa, na vidonge vya hospitali

SWALI: Sheikh, nimeolewa mwaka wa nne sasa sijashika mimba. Hospitali waliniambia homoni zimevurugika, mayai hayapevuki, wakanipa vidonge. Muuza dawa za kisunna hapa Lamu kaniambia niviache, eti vyakausha kizazi, na mwenye imani atosheka na habasoda. Tangu ninywe dawa yake damu yatoka siku ya 18. Nikirudi hospitali nina dhambi? Na swala zangu je?

JIBU: Waalaikum salaam mwanangu. Swali lako limenikosesha raha, maana nduguyo aliniletea hiyo chupa baada ya Alasiri nikaiona kwa macho yangu, chupa ya maji ya dukani imebandikwa karatasi imeandikwa KIZAZI kwa kalamu basi, nimeifungua yanuka mdalasini na uwatu na kitu chengine sikijui, na wewe unayekinywa pia hukijui.

Mitishamba haina neno, maadamu haina najisi wala madhara wala mambo ya waganga. Ugomvi wangu ni na huyu anayesema vidonge ni uchache wa imani, hayo kayatoa wapi? Hadithi ya habasoda ni sahihi, iko kwenye vitabu vya Bukhari na Muslim, lakini al-Khattabi, mwanachuoni mfafanuzi wa hadithi, alishaeleza zamani kwamba tamko ni la jumla, makusudio ni baadhi ya maradhi. Na Mtume (s.a.w.) alipomzuru Saad bin Abi Waqqas anaumwa, alimwambia amwendee al-Harith bin Kalada wa kabila la Thaqif kwa kuwa ni mtu wa tiba, imo kwenye kitabu cha hadithi cha Abu Daud. Sasa Saad naye alikuwa na imani chache?

Humo humo kwa Abu Daud iko kwamba anayetibu watu na hajulikani kwa utabibu, basi ni dhamini, yaani akidhuru mtu analipa. Huyu kakupima damu? Kakuuliza kama una sukari? Mayai kutopevuka kuna sababu nyingi, mwengine ni tezi ya shingo, mwengine homoni ya maziwa imepanda, mwengine ni vile vifuko kwenye ovari, chupa moja itatibu zote vipi? Na uwatu wateremsha sukari, ukikutana na vidonge vya sukari mtu aweza kuanguka.

Damu yako imeshapita siku 15 ambazo kwetu sisi wa madhehebu ya Shafi ndio mwisho wa hedhi. Kama ni ya namna moja tu, rangi na uzito havibadiliki, hesabu siku za ada yako, yaani siku ulizozoea kupata hedhi, zilizozidi ni istihadha, yaani damu isiyo ya hedhi, oga, jifunge vizuri, tawadha kila swala baada ya wakati wake kuingia, na ulizoziacha siku hizo uzilipe.

Na mumeo je, kapimwa? Hukusema. Mwambie nimesema mimi aende, kupima mbegu si aibu, na mavyaako asikubebeshe peke yako jambo ambalo huenda liko kwa mwanawe. Nabii Zakariya alikaa miaka mingi akiomba "Rabbi laa tadharni fardan", yaani Mola wangu usiniache peke yangu, iombe na wewe kwenye sijda.

Hospitali nenda kesho usingoje, damu ya siku 18 si ya kukaa nayo nyumbani, na hiyo chupa usiimwage, ibebe kama ilivyo na karatasi yake daktari aione.