Re: Ruger No. 1 inapandisha risasi juu, shida nini?

Mkuu salama. Kama nimekuelewa, hiyo bunduki yako ya Ruger No. 1 ya risasi moja moja, ya kaliba .30-06, risasi mbili za kwanza zinakaa pamoja kwenye shabaha, mtutu ukipata moto zinaanza kupanda, na umeshabadilisha aina tatu za risasi bila nafuu. Acha kununua risasi kwanza.

Hakikisha chemba iko tupu, kaza skrubu za darubini, halafu angalia ule mti wa mbele, yaani mbao ya kushikia chini ya mtutu. Kwenye No. 1 haujafungwa kwenye mtutu, umeshikwa na skrubu ya mshazari kwenye kile kichuma kinachochomoza mbele ya bodi (chuma cha kati kinachobeba mtutu), sasa mti ukiegemea mtutu au leo ukaze hivi kesho vile, shabaha inahama. Yangu niliinunua mkononi mwa mtu hapa Montana ikiwa na ugonjwa huohuo, nikasugua mbao na msasa taratibu mpaka karatasi ikapita kati yake na mtutu, nikatia alama kwenye skrubu ili kila nikiifungua niirudishe palepale, ikatulia. Na ukishapiga vuta chini wenzo wa kufungulia chemba uiache wazi ipoe dakika kadhaa, kwani mnyama gani atakusubiri upige tano?

Ikigoma bado mpelekee fundi, mimi kutoboa kile kichuma ili kurekebisha mkao wa mti sithubutu.