Printa Inachafua Karatasi? Usianze na Wino

Herufi zikitoka zimefifia, au karatasi ikitoka na mistari, ushauri wa kwanza utakaopewa mtaani ni kununua wino mpya. Usikimbilie Kariakoo. Kwanza hakikisha kosa si la kompyuta: printi karatasi ya majaribio kutoka kwenye printa yenyewe. Karibu kila printa ya nyumbani inaweza, ama kupitia skrini yake ndogo, ama kwa kushikilia kitufe sekunde kadhaa. Kitufe gani, kitabu chake kinasema. Karatasi hiyo ikitoka safi, printa ni nzima na ugonjwa uko kwenye seting au kwenye faili lenyewe. Ikitoka chafu, acha kuhangaika na seting.

Tuseme imetoka safi. Basi fungua seting uangalie aina ya karatasi, maana hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Mtu aliprinti picha juzi, akachagua karatasi ya picha inayong'aa, akasahau kurudisha. Leo anaprinti barua ya maombi kwenye karatasi ya kawaida. Sasa, kwenye printa nyingi za wino, mweusi wa maandishi ni wino wa chembechembe zinazokaa juu ya karatasi, na zile rangi tatu ni wino mwepesi unaozama. Ukiidanganya printa kwamba ina karatasi ya picha, huweka kando ule mweusi, huchanganya rangi tatu kutafuta weusi, tena humwaga wino mwingi. Unapata herufi zenye rangi kama ya matope, zimesambaa pembeni, na karatasi imelowa na kujikunja. Rudisha kwenye karatasi ya kawaida na ubora wa kawaida. Ule wa rasimu uachie karatasi za kusomea nyumbani. Ule wa juu kabisa kwenye karatasi ya kawaida ni kupoteza wino tu.

Kisha saizi. Kompyuta nyingi huja zimewekwa Letter, karatasi ya Marekani, yenye urefu wa milimita 279.4, wakati A4 yetu ina 297. Ndiyo maana mstari wa mwisho hukatika au printa hugoma ikidai karatasi si yenyewe. Weka A4 kwenye programu unayoandikia na kwenye seting za printa, kote kuwili. Kwa fomu na chochote chenye vipimo, ukubwa uwe asilimia 100. Ukichagua kutoshea ukurasa, kila kitu hupungua kidogo.

Na faili? Cheti kilichopigwa picha na kutumwa WhatsApp kama picha hubanwa njiani, na hakuna printa itakayorudisha herufi zilizopotea. Mwambie aliyekutumia akiskani kwa dpi 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi, akitume kama dokumenti.

Ikiwa karatasi ya majaribio ndiyo chafu, na printa ni ya wino, tazama ile gridi ya mistari midogo. Palipokatika ndipo tundu la wino limeziba. Safisha kichwa, ile sehemu inayotema wino, kwa menyu ya printa, kisha printi gridi tena ulinganishe. Usipite mara tatu. Kila usafishaji hunyonya wino na kuumwaga kwenye sponji iliyo tumboni mwa printa, na sponji hiyo ikijaa printa hukataa kazi mpaka sponji ibadilishwe. Baada ya mara tatu izime, uiache walau saa 12, wino uliokauka ulainike, ndipo ujaribu tena. Gridi ikiwa nzima lakini herufi zinaonekana pacha au zimetetemeka, kichwa hakijaziba, kimekosa mpangilio. Menyu ile ile ina sehemu ya kukipanga.

Kinachoziba vichwa vingi hapa Dar ni swichi ya ukutani. Ukizima printa kwa kitufe chake, kichwa hurudi pembeni na kufunikwa kisikauke. Ukikata umeme soketini kikiwa katikati ya safari, au LUKU ikiisha, kinabaki wazi kwenye joto hili. Umeme ukirudi, washa printa mara moja kijirudishe chenyewe, hata kama huna cha kuprinti. Na kila wiki printi ukurasa mmoja wenye rangi zote. Ukilazimika kufuta kitu kwa maji, yasiwe ya kisima: chumvi yake nayo huziba.

Printa ya tona, yaani wino wa unga, ina lugha yake. Doa linalojirudia kwa umbali ule ule, lipime kwa rula kutoka doa hadi doa: kwenye printa nyingi ndogo, umbali wa kati ya milimita 75 na 95 unaelekeza kwenye dramu, ile silinda inayobeba tona hadi kwenye karatasi, maana huo ndio mzunguko wake. Mstari mweusi unaoshuka ukurasa mzima mara nyingi ni mkwaruzo wa dramu. Mstari mweupe ni tona inayoisha upande mmoja. Toa katriji, itikise kulia na kushoto mara tano au sita, irudishe bila kuiacha kwenye mwanga, kwani mwanga huiharibu dramu. Ukipitisha kidole na maandishi yakafutika, tona haikuiva. Karatasi ina unyevu, au ni nene na seting inasema ni ya kawaida. Hizo zikiwa sawa, kiyeyushio cha tona kimechoka, na hiyo ni kazi ya fundi.

Unyevu wa pwani si mzaha, hasa masika. Weka karatasi 20 au 30 tu kwenye trei, rimu iliyobaki ikae ndani ya ganda lake. Na unaponunua rimu, usiamini ganda, omba mizani. Karatasi 500 za A4 za gramu 80 kwa mita ya mraba zina kilo 2.5, za gramu 70 zina karibu kilo 2.2. Iliyoandikwa 80 ikasoma 2.2, umeuziwa nyepesi, au karatasi hazijatimia.

Limebaki moja linalowasumbua wenye printa za kutoa kopi: mstari mwembamba unaotokea tu karatasi ikipitia mlisho wa juu. Pale karatasi ndiyo inayotembea na kioo kimetulia, kwa hiyo nukta moja ya uchafu huchora mstari mzima. Funua kifuniko, utafute kile kioo chembamba kando ya kikubwa. Mara nyingi utakuta tone la wino mweupe wa kufutia limekauka hapo. Likwangue kwa ukucha, si kwa wembe.